Kampuni ya nje inataka kutumia jina langu kwenye zabuni za Serikali. Nikubali?

*"Nina kampuni ndogo ya TEHAMA hapa Mtwara mjini. Nauza na kutengeneza kompyuta, navuta nyaya za mtandao maofisini, na mashine za posi za wakusanya ushuru zikiharibika naletewa mimi. Nina miaka 34. Binamu yangu wa Dar es Salaam amenikutanisha na kampuni ya India yenye mfumo wa kukusanya mapato ya halmashauri. Wanasema Tanzania inahamishia huduma zake zote mtandaoni na fedha ni nyingi, ila mgeni haruhusiwi kuomba zabuni, kwa hiyo wanataka waombe kwa jina la kampuni yangu. Mimi nitapata asilimia 10 ya kila mkataba bila kufanya kazi yoyote. Wanataka nisaini hati ya uwakilishi, niwape nywila yangu ya NeST (mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni), niwatafutie mtu wa ndani pale halmashauri, na nichangie milioni 6 za kuandaa nyaraka. Mke wangu anasema ni matapeli. Mimi naona nikiwaacha, nafasi hii haitarudi. Nifanyeje? Na kama si hawa, je, mtu wa huku Kusini anaweza kweli kupata kitu kwa wageni kwenye mambo haya ya Serikali mtandao?"*

Ndugu yangu, huenda mkeo amewaonea kuwaita matapeli. Kampuni inaweza kuwa ya kweli kabisa, ina ofisi na wahandisi, na mfumo wao unafanya kazi vizuri huko kwao. Hilo halikusaidii, kwa sababu masharti waliyokupa yatakuumiza hata kama wao ni watu safi. Suala la utapeli tuliweke pembeni kwanza, nitalirudia. Tuanze kwa kuangalia kama biashara wanayokuitia ipo.

Umeambiwa mgeni haruhusiwi kuomba zabuni. Si kweli. Kampuni ya nje inaweza kujisajili kwenye NeST na kuomba zabuni zinazotangazwa kimataifa. Inaweza kusajili tawi BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Inaweza pia kuanzisha kampuni ya Kitanzania, peke yake au kwa ubia na mzawa. Kilichopo ni upendeleo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na kanuni zake, imewatengea wazawa zabuni zilizo chini ya viwango fulani. Kwa kazi za ujenzi, kwa mfano, kiwango ni shilingi bilioni 50. Zabuni za kompyuta, nyaya na matengenezo zinazotoka kwenye halmashauri zetu ni ndogo, na nyingi hutangazwa ndani ya nchi tu.

Ukilitazama hivyo, utaona kwamba hawakukufuata kwa kuwa wamefungiwa mlango. Wamefuata upendeleo ambao sheria imekupa wewe. Kwenye makubaliano yao hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote, na ni chako. Wao wamekipangia asilimia 10.

Wewe ni mtu wa Mtwara, huhitaji kufundishwa kangomba ni nini. Mkulima ana shida ya ada ya shule mwezi wa saba, korosho bado ni maua, anakuja mtu na fedha taslimu anachukua mzigo wa msimu mzima kwa bei ya kutupa. Kisheria mikorosho inabaki ya mkulima. Faida imeshaondoka, na msimu ukiharibika deni linabaki nyumbani kwake. Hao wanataka kuichukulia kampuni yako kangomba.

Na jina linapotumika namna hiyo, halitumiki bure. Tangu 2020 BRELA inataka kila kampuni itaje mmiliki manufaa, yaani yule anayeidhibiti au kufaidika nayo kweli hata kama jina lake halimo kwenye hisa. Kampuni inayoendeshwa na mtu mwingine nyuma ya pazia, huku wewe ukitajwa kama mwenye mali, inatoa taarifa za uongo kwa msajili na kwa taasisi nunuzi kwa wakati mmoja. Kuna pia amri ya Julai 2025 inayowakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwamo kutengeneza simu na vifaa vya kielektroniki. Amri hiyo inaweka adhabu kwa mgeni, na pia kwa Mtanzania anayemsaidia. Karakana yako ya posi na kompyuta imelindwa na amri hiyo. Usiitumie karakana hiyo hiyo kumpitishia mgeni.

Sasa tuuangalie mfumo wenyewe. Nadhani hapa ndipo wao walipopotea, na hapa ndipo watu wengi hupotea wanaposikia "mageuzi ya kidijitali serikalini" wakafikiri kuna foleni ya maofisa wanaosubiri kuuziwa programu.

Miaka ya nyuma ilikuwa karibu hivyo. Halmashauri hii ilikuwa na mfumo wake wa ushuru wa soko, ile ya pili ina mwingine, hospitali ina wake, na hakuna uliozungumza na mwenzake. Muuzaji akiondoka aliondoka na msimbo chanzo wake, yaani maandishi yanayounda programu, na ofisi ikabaki inalipa ada ya leseni kwa dola kila mwaka kwa kitu ambacho hakuna mtu ndani anayejua kukifungua. Serikali ilichoka. Mwaka 2012 ikaanzisha wakala wa Serikali mtandao, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 wakala huo ukawa mamlaka kamili, eGA, yenye meno. Leo taasisi ya umma haijiamulii tu kununua mfumo. Mradi wa TEHAMA unapaswa kupitia eGA, na kama serikalini tayari kuna mfumo unaofanya kazi hiyo, jibu utakalopata ni kwamba utumike huo huo.

Kwa mapato ya halmashauri mfumo huo upo, nawe unaujua: TAUSI, ulio chini ya TAMISEMI. Malipo yenyewe yanapita kwenye lango la GePG, ambalo tangu 2017 ndilo linalotoa kontrol namba unayolipia leseni, ushuru, hata faini. Mifumo ya taasisi mbalimbali inabadilishana taarifa kupitia njia moja ya Serikali inayoitwa GovESB. Kwa hiyo Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, hata aupende mfumo wa Wahindi hao kwa moyo wake wote, hana nafasi ya kuuingiza. Huyo mtu wa ndani wanayetaka uwatafutie, hata ukimpata, hatauweza mlango ambao hauko ofisini kwake.

NeST yenyewe ni ushahidi. Kabla yake zabuni za Serikali zilipitia TANePS, mfumo uliotengenezwa na kampuni kutoka nje. Mwaka 2023 TANePS iliachwa, ikaja NeST iliyojengwa na wataalamu wa Kitanzania. Mgeni anayetaka kuiuzia Serikali ya Tanzania mfumo mkubwa wa msingi anapaswa kujua kwamba hata lango analopitia kuingia sokoni lilijengwa ili kumwondoa mgeni mwenzake.

Mimi naona sera hiyo ni nzuri kwa sehemu kubwa, ingawa imezibana mno kampuni za ndani zenye vijana wa programu ambao wangeweza kupewa vipande vya kazi. Na kila mtu aliyewahi kuambiwa dirishani "mfumo haupo" siku ya mwisho ya kulipa anajua kwamba kujenga mwenyewe hakumaanishi kila kitu kimenyooka. Hata hivyo sera ndiyo hiyo, na mfanyabiashara anapanga kwa hali iliyopo.

Nirudi kwenye yale manne waliyokuomba.

Hati ya uwakilishi ni karatasi ya kawaida kwenye zabuni. Kampuni inamteua mtu mmoja asaini nyaraka za zabuni moja, kwa muda uliotajwa. Hiyo haina shida. Hati inayompa mtu wa nje mamlaka ya kusaini mikataba yoyote, kufungua akaunti na kupokea malipo kwa jina la kampuni yako bila kikomo ni jambo lingine kabisa. Ukisaini hiyo, umebaki na deni na kesi tu, vingine vyote vimekwenda.

Nywila ya NeST usimpe mtu. Kila kinachowasilishwa kwa akaunti yako kinahesabiwa ni chako: bei, vyeti vya kazi zilizofanywa zamani, majina ya wataalamu. Wakiweka cheti cha kughushi, PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, itaifungia kampuni yako isishiriki zabuni za umma, na majina ya waliofungiwa hutangazwa hadharani. Kampuni ya India itatafuta jina jingine Lindi. Wewe huna jingine.

Hilo la mtu wa ndani usilichukulie kama mazungumzo ya kawaida ya biashara. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamkamata anayepokea hongo, na inamkamata pia anayeuza au kununua ushawishi. Ukikubali kuwa daraja umeshaingia, hata kama hakuna zabuni iliyotoka. Wenye umri wangu tunaikumbuka rada. Serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kwa BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, na mamilioni ya dola yakapita kwa mshauri wa masoko wa hapa nchini. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikutunza kumbukumbu sahihi za malipo hayo, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Ndiyo ile "chenji ya rada" iliyonunua vitabu na madawati. Kampuni ililipa, ikaendelea na biashara zake duniani. Hesabu mwenyewe mtu wa katikati, asiye na jeshi la mawakili, angebaki na nini.

Milioni 6 za nyaraka ni rahisi kuzijibu. Gharama halali za Serikali zinalipwa kwa kontrol namba na unapata stakabadhi. Gharama za kuandaa zabuni, yaani muda, tafsiri na uchapaji, anabeba anayeitaka zabuni, na hapa anayeitaka ni wao. Kampuni yenye mfumo uliosambaa miji kadhaa haiwezi kukwama kwa shilingi milioni 6 za fundi wa Mtwara. Hapa namuunga mkono mkeo. Madai hayo peke yake yanatosha kukusimamisha.

Basi hilo la pili, ambalo nafikiri ndilo ulilotaka kuuliza tangu mwanzo: fursa ipo?

Ipo, ila haiko kwenye mfumo. Iko kwenye vitu vinavyouzunguka mfumo, na huko wageni ni wengi kuliko unavyodhani. Seva, swichi, faiba, betri, paneli za jua, mashine za posi, mizani, kamera, leseni za usalama wa mtandao, mafunzo: karibu vyote hivyo vinatoka nje au vinaletwa na kampuni zenye mkono nje. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ndio uti wa mgongo wa mambo haya yote, ulijengwa na mkandarasi wa Kichina kwa mkopo wa China. Mradi wa Tanzania ya Kidijitali una mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2021, na zabuni za miradi ya namna hiyo hufuata taratibu za benki, ambazo zinawaruhusu wageni waziwazi. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima, na kampuni nyingi kati ya hizo zina mitaji ya nje. Mwaka 2024 Serikali ikazindua mkakati wa uchumi wa kidijitali unaokwenda hadi 2034. Fedha wanazozisema hao Wahindi si hadithi. Wamekosea mahali zinapopita.

Tofauti ninayotaka uishike ni hii. Kuna mgeni anayetafuta mkataba, na kuna mgeni mwenye mkataba mkononi. Wa kwanza anahitaji jina lako, mlango wako, na fedha yako. Wa pili ameshasaini, siku zinahesabika, ana vifaa vya kufunga Nanyumbu na Liwale, na hana mtu anayejua njia ya Liwale masika. Huyo anahitaji kazi yako, na kazi ina bei.

Chukua Mei 2024. Kimbunga Hidaya na mvua zilizofuata ziliikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Mwezi huo huo nyaya za baharini zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Mikataba ya vifaa vya Serikali huwa na kipengele cha matengenezo kinachomtaka muuzaji afike ndani ya saa kadhaa baada ya kupigiwa simu, akichelewa anakatwa fedha. Muuzaji aliyeko Dar, na bosi wake yuko Mumbai au Shenzhen, angefika vipi Newala wiki ile? Mtu mwenye stoo ya vipuri Masasi na fundi mwenye pikipiki angefika. Muuzaji mwenye akili anamlipa mtu huyo ada ya kila mwezi, kifaa kiharibike au kisiharibike. Ongeza chumvi ya upepo wa Shangani inayokula mabodi, umeme ambao kwa miaka mingi umetusumbua mikoa hii miwili, na mashine za posi zinazorudi kutoka mageti ya ushuru zimejaa vumbi la ufuta. Ujuzi wako wa mambo hayo hauko kwenye katalogi ya mtu yeyote.

Utampataje huyo mwenye mkataba? Tuzo za mikataba hutangazwa. NeST inaonyesha zabuni zilizotolewa na nani ameshinda, na Benki ya Dunia huchapisha mikataba ya miradi yake kwenye tovuti yake. Watu wengi hufungua NeST kutafuta zabuni mpya tu. Wewe soma pia zilizokwisha. Kila ukiona kampuni imepewa kazi ya kufunga vifaa mikoa ya Kusini, waandikie barua fupi: una mafundi wangapi, umefunga nini, wapi, nani anaweza kuthibitisha, na bei ya kufika kila wilaya. Usiandike kwamba una uzoefu mkubwa. Taja ofisi ulizovuta nyaya na idadi ya pointi. Sheria ya sasa inahimiza wageni wachukue wakandarasi wadogo wa ndani, kwa hiyo barua kama hiyo inawasaidia hata kwenye makaratasi yao.

Korosho nayo usiisahau, maana hapa kwetu ndipo Serikali mtandao inapokutana na mgeni bila kelele. Tangu msimu wa 2024/25 minada inafanyika kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi wa nje anaweka bei kwa mtandao, na Oktoba 2024 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ili hilo liwezekane, chama cha msingi kule Kitangari au Mnacho kinahitaji mizani inayosoma sawasawa, kompyuta isiyozima katikati ya mzigo, mtandao, na karani anayejua kuingiza takwimu bila kukosea jina la mkulima. Angalizo moja: AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na vyama vikuu kama MAMCU, TANECU na RUNALI ni mali ya wanachama, wananunua kwa taratibu zao wenyewe chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mlango wao ni bodi ya chama na mkutano mkuu. Nenda mapema, kabla ya Septemba. Msimu ukianza hakuna mwenye muda na wewe.

Tena una miaka 34. Sheria inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kijana kwa hesabu hizo anaishia miaka 35. Umebakiwa na muda mfupi wewe mwenyewe, ila mafundi wako wa miaka 22 na 25 wanao. Waone maofisa maendeleo ya jamii wa manispaa kuhusu kusajili kikundi cha vijana kwa ajili hiyo. Zabuni zake ni ndogo, za vifaa vya ofisi na matengenezo, lakini ndizo zinazokujengea cheti cha kazi iliyofanywa, na bila cheti hicho mgeni mwenye mkataba hatakusikiliza.

Ukimpata mtu wa kufanya naye kazi, kuna njia tatu. Kuwa mkandarasi mdogo ndiko salama kwa ukubwa wako wa sasa: unafanya sehemu yako, unalipwa na yeye, lawama za mkataba mzima ziko kwake. Ubaya ni kwamba yeye asipolipwa na wewe hulipwi, labda mkataba wenu useme vingine, na ufanye useme vingine. Kuwa wakala wa bidhaa zao kunakupa faida ya mauzo na vipuri, ila soma kama unafungwa usiuze za mwingine na kama unalazimishwa kununua mzigo kwanza. Ubia wa kuomba zabuni pamoja una heshima na fedha zaidi, lakini katika ubia washirika hubeba mkataba kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mgeni akipanda ndege, taasisi itakudai wewe kazi yote, na dhamana ya utekelezaji, yaani fedha inayowekwa rehani kwamba kazi itakamilika, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya mkataba, itachukuliwa benki kwa jina lako. Sikwambii usiingie ubia kamwe. Nasema usiuanze na mtu ambaye hamjamaliza naye hata kazi moja ndogo.

Kodi ndiyo huwaumiza wengi kimyakimya. Ukimlipa asiye mkazi kwa huduma, unapaswa kuzuia asilimia 15 na kuiwasilisha TRA, wakati kwa mkazi kiwango cha kawaida ni asilimia 5. Wageni hupenda kuandika "bei ni halisi baada ya kodi", maana yake asilimia 15 hiyo unaibeba wewe. Na Serikali inakulipa kwa shilingi. Kama umekubali kuwalipa wao kwa dola na shilingi ikashuka kama ilivyoshuka 2023 na sehemu kubwa ya 2024, faida yako imeliwa kabla hujaiona. Malipo ya Serikali pia huchelewa. Mtu mwenye mtaji mdogo anayekopa benki ili kutekeleza zabuni anaweza kumaliza kazi vizuri na bado akafilisika, kwa hiyo anza na kazi ambayo malipo yake yakichelewa miezi sita duka lako halifungi.

Jambo jingine ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mgeni akikwambia seva itakaa kwao "kwa muda tu", mwambie hapana. Posi iliyoletwa kwako kwa matengenezo ikiwa na kumbukumbu za walipa ushuru nayo ina wenyewe, usiinakili kwenye kompyuta yako eti kwa usalama.

Sitaki uondoke na ndoto kubwa. Sisi wa huku tuliwahi kuambiwa mambo yameiva kabla hayajapikwa. Kati ya 2012 na 2015, gesi ilipokuwa gumzo, watu walikopa wakajenga nyumba za wageni Mtwara na kununua viwanja Lindi, kisha wakangoja wageni waliokuja wachache. Fundi wa mashine aliyepata kazi za kawaida kipindi kile, za majenereta na magari, alipita salama. Ndiyo maana nakusukuma kwenye matengenezo na ada za mwezi, wala sikusukumi kwenye asilimia za mikataba ambayo haijatangazwa.

Kwa mambo mengine usitegemee maandishi yangu, nenda ana kwa ana. Karatasi yoyote ya ubia, uwakala au hati ya uwakilishi ipeleke kwa wakili kabla ya kusaini. Gharama yake itakuwa ndogo kuliko hizo milioni 6. Hesabu za kodi za mkataba na mgeni, nenda TRA uulize, na uombe wakuandikie. Kwa NeST, kaa na mtu wa kitengo cha usimamizi wa ununuzi pale manispaa, ni haki ya mzabuni kuelekezwa na hailipiwi. Kama tayari umesaini kitu au umeshawapa nywila, ibadilishe leo kabla hujamaliza kusoma, kisha mwone wakili kesho. Na kama kuna ofisa ameshatajwa jina au fedha imeshaahidiwa, ofisi ya TAKUKURU ya mkoa ipo, na simu yao ya bure ni 113. Anayetoa taarifa mapema husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Wiki hii waandikie Wahindi hao barua ya adabu, bila kuwatukana na bila kumwingiza binamu yako. Waambie kampuni yako haitoi jina wala nywila, na haitachangia gharama za zabuni zao. Waulize kama wana mkataba wowote uliosainiwa na taasisi ya umma Tanzania, na namba yake. Waulize kama mfumo wao umewahi kuwasilishwa eGA. Waambie ukipata hivyo viwili, uko tayari kuwapa bei ya kufunga na kuhudumia vifaa wilaya zote za Mtwara na Lindi, kwa mkataba wa maandishi na malipo ya awali. Wakikuita Dar mzungumze, sawa, nauli na malazi walipe wao, na mke wako aende nawe.